Kilicholala Kwenye Bati

Kila siku ya kazi, saa mbili kasorobo asubuhi, wafanyakazi kumi na watatu wa nyumba ya mitindo walipanga foleni mlangoni wakavua dini zao. Hawakulifanya jambo kubwa. Msimamizi alisimama na bati la biskuti, la bluu, lenye picha ya farasi kwenye kifuniko, na kila mmoja akatumbukiza chake: mkufu, pete yenye maandishi, hirizi, tasbihi, uzi mwekundu wa mkononi. Msimamizi akalifunga, akalitia kabatini, akatia ufunguo mfukoni, kisha akafungua daftari la mahudhurio na kusoma majina. Jioni kila mtu alichukua chake akaenda zake. Sababu ilibandikwa ukutani juu ya kabati: hakuna alama ya dini kazini, wateja wasije wakakwazika.

Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari wa pili ambao wote waliutilia saini siku ya kuajiriwa bila kuusoma sawasawa, maana mtu anayetafuta kazi hasomi, anatia saini. Mstari huo ulisema: kitakacholala kwenye bati ni mali ya duka.

Baada ya hapo waliingia ndani kushona dini kwenye nguo. Msimu ule mavazi yaliitwa Ibada. Kulikuwa na makoti yenye misalaba mgongoni, suruali zenye mwezi na nyota mfukoni, mikoba iliyofungwa tasbihi mahali pa mkanda, na viatu vyenye jicho kwenye kisigino. Madamu, mwenye duka, alipenda kusema kwamba watu wa siku hizi wanataka kitu chenye maana, ila kisiwe na maana mno. Wateja walimwelewa mara moja.

Mshona nakshi wao waliyemtegemea walimwita Sindano, kwa sababu alikuwa mwembamba na kwa sababu alipenya kazi yoyote. Alikuwa na fundo lake mwenyewe, alilofundishwa na mama yake, fundo ambalo halifumuki. Ukitaka kutoa kitu alichokishona Sindano, utakitoa na kipande cha kitambaa. Msimamizi alijisifia fundo hilo mbele ya wateja kana kwamba alilifunga yeye.

Sindano aliishi na binti yake wa miaka minane katika chumba kimoja na jiko, ghorofa ya tatu. Mtoto huyo walimwita Chiriku, na jirani yeyote angekwambia kwa nini: aliamka akisema, akala akisema, akapiga mswaki akisema. Baba mtu alikwisha kwenda zake zamani, na safari yake haikumpa mtu homa. Bibi mtu alikuwa marehemu. Alichowaachia ni msalaba wa mbao, urefu wa dole gumba, uliotobolewa tundu juu na kupitishwa uzi wa pamba. Kwenye ubavu wake palikuwa na alama mbili za meno, za siku Chiriku alipokuwa anaota meno ya chini na hakuna kingine kilichomnyamazisha.

Sindano hakuwa mtu wa kanisani sana. Alisema atakwenda akipata nafasi, na nafasi ikawa haipatikani. Lakini kuna jambo moja hakulikosa. Kila alfajiri, kabla ya chai, walikaa kitandani, wakaushika msalaba kwa mikono yao minne, Sindano akataja jina la mtoto, lote, mpaka la ukoo, na mtoto akataja jina la mama. Basi. Marehemu alikuwa amewaachia sheria hiyo pamoja na msalaba: mtu hajitaji, mtu hutajwa, na asiyetajwa hufifia. Sindano hakuwa na sababu ya kubisha. Mjomba wake mmoja aligombana na ukoo mzima, wakaacha kumtaja, na katika muda wa miezi miwili alifutika. Mwishoni walisikia tu kiti chake kikisogea wakati wa kula, kisha kikaacha kusogea, na kiti akapewa mtu mwingine.

Alhamisi moja msimamizi alishikwa na jino. Jino halina adabu. Saa tisa alasiri alitoka mbio kwa daktari wa meno, akiwa na ufunguo mfukoni. Jioni watu kumi na watatu walisimama mbele ya kabati. Walilitazama. Wakatazamana. Mmoja alisema tulivunje, na wote wakamgeukia, naye akasema alikuwa anatania. Wakaenda nyumbani.

Alfajiri ya Ijumaa Chiriku alinyosha mikono kama kawaida.

"Msalaba uko wapi?"

"Umelala kazini. Leo tutaacha, nitakuja nao jioni."

"Si tutajane hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo na nini mkononi? Kunywa chai, utachelewa."

Hilo ndilo kosa lake, na alikuja kulirudia kichwani mara nyingi kuliko alivyowahi kurudia sala yoyote.

Kazini, misalaba ya shaba iliyoagizwa ilikuwa haijafika, na nguo zilitakiwa kuoneshwa Jumamosi. Msimamizi, shavu limemvimba, alikuwa amekwisha kulimimina bati mezani. Vitu vyote vilikuwa vimelala, kwa hiyo vyote vilikuwa mali ya duka. Watu walinung'unika. Alinyosha kidole ukutani, kwenye herufi ndogo, na manung'uniko yakapungua yakawa kikohozi. Vilichovywa rangi ya dhahabu, vikakaushwa mbele ya feni, vikagawiwa mafundi bila kujali cha nani.

Sindano alipewa koti jeusi, refu, la sufu, ambalo Madamu alilitaka mbele ya mengine yote, na msalaba mmoja mdogo wa kushonwa katikati ya mgongo. Uling'aa kama kijiko kipya. Alishona kwa saa mbili na nusu, uzi juu ya uzi, bila wasiwasi. Wakati wa kufunga fundo la mwisho, dole gumba lake likapita ubavuni mwa ule msalaba na kukuta alama mbili za meno.

Akaacha kushona.

"Bosi, huu ni wangu."

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake na mfuko wa nguo mkononi. "Upi?"

"Huu hapa. Wa marehemu mama yangu. Mtoto wangu aliung'ata, ona."

Msimamizi aliona. Si kwamba hakuona. "Ulikuwa wako," alisema kwa upande mmoja wa mdomo, maana ule mwingine ulikuwa unauma. "Gari linangoja nje. Funga fundo."

Sindano aliogopa. Tuseme wazi, maana kuna watu watakuja kusema alipumbaa au hakuelewa. Alielewa vizuri kabisa, na aliogopa. Alikiona chumba chake na jiko lake, akawaona wanawake wanane waliokuja wiki ile kuulizia kazi. Akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Wahenga hawakuwahi kushona kwa Madamu.

Jumamosi koti lilinunuliwa kabla ya saa nne. Jumamosi hiyo hiyo, na Jumapili, Sindano alimwamsha mtoto moja kwa moja kwenye chai. Aliona aibu kukaa kitandani mikono mitupu. Alijiambia Jumatatu ataongea na Madamu, na kwamba siku tatu si miezi miwili.

Jumatatu mchana mwalimu wa darasa alimpigia simu kuuliza mbona mtoto hajafika shuleni. Sindano alisema amefika, amempeleka mwenyewe mpaka getini. Mwalimu akageuka darasani, Sindano akasikia akiita, kisha akasikia, mbali sana, kama mtu aliye ndani ya debe, sauti ya Chiriku ikisema nipo, nipo, mwalimu, nipo hapa mbele.

"Kuna sauti," mwalimu alisema. "Ila daftari langu nalijaza kwa kuona, mama. Hutokea, hasa katikati ya muhula. Alete barua ya mzazi."

Sindano alikwenda kumchukua. Alimkuta ameketi kwenye ngazi, na watoto wengine wakishuka kwa kumpitia kana kwamba pale pana ngazi tu. Mama yake alimwona, lakini kwa shida, kama unavyoona kitu ndani ya chumba ulichotoka kukizimia taa. Kiganja cha kulia hakikuwepo. Begi lilining'inia penye kiganja hicho.

"Inauma?"

"Haiumi. Inachosha," Chiriku alisema. "Nimenyosha mkono siku nzima."

Usiku ule Sindano hakulala, na alfajiri alimkalisha mtoto kitandani, akashika mikono yake, ule uliopo na ule usiokuwepo, akataja jina lake lote. Akalitaja tena. Akalitaja mara ishirini. Lakini mkono wake ulikuwa mtupu na moyo wake ulikuwa umeuona utupu huo, na jina lilitoka mdomoni kama majina yanavyosomwa kwenye daftari la mahudhurio. Kiganja hakikurudi. Sikio moja likaondoka wakati anataja.

"Mama, unalisema kwa woga," Chiriku alisema. "Mimi sisemi hivyo."

"Wewe unasema lini?"

"Si nakutaja kila siku? Hata Ijumaa, hata Jumapili. Wewe ukienda kuwasha jiko mimi nakutaja. Hivi hivi tu." Akaonesha kiganja kilichobaki. Hakikuwa na kitu.

Sindano akajitazama mikono. Ilikuwepo yote, kucha na makovu ya sindano. Hakuwa amejiuliza kwa nini yeye hakufifia hata kidogo. Alimkumbatia mtoto kwa nguvu, na alichokumbatia kilikuwa chepesi kuliko nguo alizomvalisha.

Kazini alimwambia Bi Pasi. Huyo alikuwa mama mtu mzima aliyepiga nguo pasi pale tangu duka lilipokuwa chumba kimoja, na tasbihi yake, ya punje tisini na tisa, sasa ilikuwa mkanda wa mkoba wa mtu. Bi Pasi alisikiliza bila kuacha pasi.

"Mimi wamenichukulia Alasiri," alisema. "Naswali Adhuhuri, nainuka, nakuta jua linazama. Ile saa ya katikati sina. Juzi nimeunguza blauzi sita kwa kuruka hivyo."

"Sasa umefanyaje, mama?"

"Nifanyeje? Blauzi za hariri nazipiga asubuhi." Akaligeuza shati. "Lakini kwako wewe ni mtoto, mwanangu. Alasiri mtu ataishi bila hiyo, akipenda asipende. Bila mtoto huwezi. Nenda kwa Madamu."

Madamu alimpokea vizuri, akamketisha, akampa pole mara tatu. Alikuwa na sauti laini ambayo watu walitoka nayo ofisini wakidhani wamepewa kitu. Alieleza kwamba msalaba ukishashonwa kwenye nguo huwa umekuwa pambo, na pambo halina mwenyewe. Kisha akafikiri kidogo.

"Unasema mtu aliyetajwa juu yake anaonekana pale msalaba ulipo?"

"Sijui, Madamu. Nasema tu kwamba nyumbani kwangu haonekani."

"Hilo wateja watalipenda," Madamu alisema, akaandika kitu kwenye karatasi. "Na tafadhali, usiende kumsumbua mnunuzi. Ukimsumbua mnunuzi, mimi na wewe tutakuwa hatuna la kuzungumza."

Sindano akatoka akidhani amepewa kitu. Alipofika kwenye cherehani ndipo alipokagua akakuta hana.

Jumatano Chiriku alichelewa kurudi. Mama yake alishuka ghorofa zote tatu na kupanda mara nne, akishindwa kuuliza watu, maana angewauliza wamemwona nani? Saa kumi na moja na nusu mlango ukafunguliwa akaingia mtoto mzimamzima, viganja viwili, masikio mawili, akisema tangu kizingitini.

"Mama, nilipita kwa daktari wa meno, pale kona ya duka la vitabu, mkono ukarudi! Nikaingia ndani, sikio likarudi. Koti lenye msalaba wetu limetundikwa mlangoni. Daktari akaniuliza, na wewe jino gani? Nikamwambia sina jino. Akacheka. Kanipa mswaki. Kuna mzee analia kabla hajaguswa, Mama, mzee mzima..."

Sentensi ile haikuisha. Midomo iliendelea kucheza, sauti ikawa imebaki huko kona ya duka la vitabu. Kabla chai haijachemka kile kiganja kilikuwa kimekwenda tena, na safari hii kilikwenda na kiwiko.

Kesho yake, wakati wa mapumziko ya mchana, Sindano alikwenda kliniki na mkasi wake mdogo wa kufumulia ndani ya mfuko wa aproni. Chiriku alikuwa tayari pale. Aliketi chini ya koti kwenye kiti cha plastiki, akifanya hesabu na kumweleza mama mmoja mwenye shavu la kuvimba kwamba ganzi inauma kidogo tu. Ukutani palikuwa na picha ya jino kubwa lenye mizizi. Mtoto alikuwa mzima, masikio yote mawili, na kivuli chake kilikuwa sakafuni.

Daktari wa meno alitoka na glavu mkononi. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye haraka. Sindano alimweleza yote, kwa sauti ya chini, kuanzia bati. Daktari alisikiliza kama mtu aliyezoea kusikiliza maumivu ya wengine huku akitafuta yalipo.

"Pole sana," alisema. "Mimi si mtu wa dini hata kidogo, ujue. Ni mtindo tu. Napenda linavyokaa mgongoni."

"Naomba msalaba peke yake, daktari. Koti libaki lako."

"Nilimuuliza fundi mmoja juzi, maana nilitaka kuusogeza juu kidogo. Kasema aliyeufunga huyu kaufunga haswa, kuutoa ni kuchana mgongo mzima. Sasa koti lenye tundu nitalivaa wapi?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema jino hili halizibiki. "Mtoto mwache aje. Hana usumbufu. Wagonjwa wanampenda." Aliitwa ndani, akamchukua mama mwenye shavu, mlango ukafungwa.

Wakabaki watatu: mama, mtoto, na koti.

Sindano akatoa mkasi. Aligeuza mgongo wa koti, akauona msalaba uking'aa dhahabu yake ya bure, akayaona yale meno mawili. Fundo lilikuwa lake. Yeye peke yake duniani alijua panapoanzia. Akaingiza ncha ya mkasi chini ya uzi wa kwanza, akakata.

Kidole kidogo cha Chiriku kikaondoka, na penseli ikaanguka.

Mtoto aliiokota kwa mkono mwingine. Hakulia. "Kata tu, Mama," alisema. "Kata haraka."

Nyuzi zilikuwa arobaini na moja. Huenda msalaba ukifika mkononi vidole vyote vingerudi, na huenda baada ya uzi wa arobaini na moja kungebaki kiti cha plastiki na daftari la hesabu. Marehemu hakuwa amesema lolote juu ya hili. Alisema tu taja. Sindano alisimama pale mkasi mkononi, na woga wake haukuwa wa Madamu tena, wala wa polisi, bali ule wa kumwangalia mtoto wake na kukata. Ndani, mashine ya meno ililia ikanyamaza. Ililia tena.

"Mama?"

Alichomoa uzi kutoka pindo la aproni yake, akautia kwenye sindano aliyoichomeka kolani siku zote, akaurudishia uzi uliokatika. Alipofunga, kidole kidogo kilikuwa mahali pake. Chiriku alikikunja akakikunjua, akamwangalia mama yake kwa muda, akarudi kwenye hesabu zake.

Baada ya hapo mambo yalijipanga yenyewe. Kumrudisha mtoto nyumbani jioni ikawa haiwezekani. Penye ngazi za ghorofa ya pili Sindano alijikuta ameshika mkono usio na uzito, na mara moja alifika juu akiwa ameshika begi tu, ikabidi arudi chini akipapasa hewa. Daktari alikuwa na chumba cha nyuma kilichokaa wazi, na koti hakulivua sana wala kulipeleka mbali; shule nyingine ilikuwa ukuta kwa ukuta na kliniki. Chiriku alihamia Jumapili na nguo zake, mswaki wake mpya, na mto aliouzoea.

"Utanitaja?" Sindano alimuuliza mlangoni.

"Kila siku. Nikiamka tu."

"Usisahau, mwanangu."

"Mimi? Mimi nisahau kusema?"

Na kweli hakusahau. Wiki zikapita, na kila asubuhi muuza magazeti alimwambia Sindano za asubuhi, foleni ilimwachia nafasi yake, msimamizi alisoma jina lake akaitika. Kwa dalili hizo alijua kwamba upande wa pili wa mji mtoto amekwisha kuamka. Jumapili alikwenda kumwona. Chiriku alinenepa. Alijua majina ya meno yote.

Madamu naye hakukaa bure. Habari za koti zilikuwa zimeenea, zikaletwa oda za makoti ishirini ya namna hiyo hiyo. Misalaba ya shaba ilipofika, wateja waliirudisha wakisema haina kitu. Basi msimamizi akatangaza kwamba mfanyakazi mwenye kitu cha zamani nyumbani, kilichozoeleka mkononi, cha dini yoyote, alete, na atakayeleta atafikiriwa. Walileta. Si wote, lakini walileta. Bi Pasi alileta msahafu mdogo wa mumewe akaambiwa ni mnene mno, akarudi nao nyumbani, na alipofika akakuta Magharibi nayo imekwenda.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia Sindano. "Sisi tunakishona wenyewe." Akacheka sana, kisha akafuta macho, kisha akauliza saa ngapi.

Jumapili moja Chiriku alikuwa amevaa shati lenye nyota ndogo kwenye kola. Sindano aliuliza ni za nini.

"Ni mtindo tu," Chiriku alisema.

"Na kunitaja?"

"Nakutaja, Mama. Daktari anasema si lazima, lakini mtu akipenda hakuna ubaya." Alikuwa anachora jino. "Juzi nilisahau asubuhi, nikakumbuka shuleni, nikakutaja kwenye mapumziko."

Juzi Sindano alikuwa amemsalimu muuza magazeti mara mbili, naye akaendelea kupanga magazeti yake. Alidhani mtu ana mambo yake.

"Jitahidi iwe asubuhi," alisema mwishowe, akimfunga kamba ya kiatu ingawa ilikuwa imefungwa.

Jumanne iliyofuata alifika kazini saa mbili kasorobo. Foleni ilikuwa imeshonana. Hakupata mwanya, akasimama mwisho. Bati lilipita kwa mmoja mmoja, likasikika likilia kila kitu kilipoangukia ndani. Mbele yake alikuwa msichana mgeni, wa siku ya kwanza, aliyefungua mkufu shingoni na kuushika kidogo kabla hajauachia. Msimamizi alimngoja kwa uvumilivu. Kisha akafunga kifuniko, wakati Sindano bado amesimama mbele yake, akageuka.

Akasoma majina. Alisoma kumi na matatu, la msichana mgeni likiwa la kumi na tatu.

"Nipo," Sindano alisema.

Msimamizi alifunga daftari.

"Nipo, bosi. Nipo hapa mbele."

Hakuna aliyegeuka. Aliingia ndani na wenzake, akaenda kwenye meza yake, akamkuta msichana mgeni ameketi kwenye kiti chake, anajaribu mkasi. Akavuta stuli ya pembeni. Bi Pasi alipita na mzigo wa nguo zilizopigwa pasi, na Sindano akamshika mkono, akamwambia, "Mama, nitaje. Jina langu unalijua, nitaje mara moja tu." Bi Pasi alijikuna pale aliposhikwa. Akaangalia dirishani kuona jua liko wapi, akaendelea na safari yake.

Alijiambia mtoto amelala tu. Watoto hulala. Au wameamka kwa haraka, kuna mgonjwa wa mapema, chai imemwagika. Atakumbuka kwenye mapumziko, na mapumziko ya shule ni saa nne. Aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi.

Juu ya meza palikuwa na koti la kumi na moja kati ya yale ishirini, na mkufu wa msichana mgeni ulikuwa bado ndani ya bati, haujalala. Sindano akachukua sindano kolani, akatunga uzi. Uzi uliingia tunduni mara ya kwanza, kama siku zote, ingawa kidole kilichoushika hakikuonekana vizuri. Akavuta koti magotini akaanza kushona, akiangalia saa.